Lumbesa

Isyonje, mwezi wa sita.
Ukungu umelala juu ya viazi kama mtu asiyedaiwa.
Mwanangu Lwitiko, miaka minne na ushee,
amesimama mlangoni na soksi moja, ananiambia:
"Umeme umekatika tena, jamani."

Taa inawaka.

Zamani ningemsahihisha.
Nilikuwa mtu wa hii-ni-nini.
Hii ni nini, Lwitiko? Sema taa.
Nilishika kikombe juu, mvuke ukimpita puani:
sema chai. Sema. Sema kwanza.
Akautazama mkono wangu, si uso,
akanijibu kwa sauti ya mtangazaji:
"Na sasa ni saa mbili kamili."
Nikainywa mimi ile chai.
Hilo naliandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu.

Atuganile, mke wangu, ndiye aliyekumbuka:
saa mbili ni taarifa ya habari,
na taarifa ya habari, kwa mama yangu, ni saa ya kumimina.
Kila jioni redio na birika, redio na birika.
Mtoto alikuwa ameomba chai.
Aliiomba kwa heshima zote.

Hospitalini, Mbeya mjini, dada mmoja mwenye sweta juu ya sare
alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kazi yangu.
Viazi, nikasema. Napakia.
Akacheka: basi utanielewa.
Kuna mtoto anayeokota neno mojamoja, kiazi, kiazi, kiazi.
Wako analeta gunia zima, limeshonwa,
lumbesa, na kilemba chake juu.
Usilipasue. Usimwambie halina kitu.
Uliza limetoka shamba gani.

Tukarudi na daftari.
"Shusha, shusha, gari inaondoka!" — amechoshwa na wageni.
"Pole mama, itapoa" — ameumia yeye, au wewe, au mbuzi.
"Unataka chai?" — anataka chai.
"Bei ya jana siyo ya leo":
hulisema kitandani, akicheka peke yake.
Hapo tumeacha nafasi.

Nikajifunza kunyamaza, kazi ngumu kuliko kupakia Fuso.
Nikajifunza kuazimisha,
kama jirani anayeleta chumvi asiulize itarudi lini.
Nikipuliza moto nasema, kana kwamba ndiye yeye, "Nasikia baridi."
Nikivua buti, "Nimechoka, nataka kukaa."
Simtazami. Nayaacha pale, karibu na kuni.
Shangazi yake Tumpe akaniuliza kama nimeanza kuongea na moto.
Nikamwambia ndiyo.

Na sasa umeme umekatika tena, jamani,
na taa inawaka.
Mama yangu tulimzika Jumanne.
Kitanda chake kimetandikwa vizuri mno.
Giza lilipokuwa likiingia humu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni,
wakazunguka chumba kwa chumba
mpaka umeme urudi.

Siulizi hii ni nini.
"Umekatika," nasema. "Giza. Nataka bibi."
Anakaa juu ya buti langu.
Anayageuza mdomoni kama kiazi cha moto.

Wiki ya tatu, au ya tano, daftari lilikuwa limelowa,
redio ikasema saa mbili kamili,
naye akaja na kikombe cha bibi, cha bati, ua limebanduka.
"Unataka..."
Akasimama.
Nikausikia uzi wa katani ukikatika, tundu kwa tundu.
"U...
nataka.
Nataka bibi chai."

Ile U ikadondoka sakafuni,
ikabingirika chini ya meza.
Hakuna aliyeinama kuiokota.

Sarufi yake sikuigusa.
Nikamimina vikombe viwili.
Kimoja kilibaki mezani, mvuke ukipanda, hakina mwenyewe.
Lwitiko akakitazama, akanitazama
(uso, si mkono),
akanishika goti.
"Itapoa," akasema.